Dizeli Haina Papara

Katika basi la asubuhi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mzee aliyewahi kuwa dereva wa lori, amepakata dumu tupu, na muuguzi wa kike aliyevaa sare. Muuguzi alilalamika tu kwamba gari lake limegoma kuwaka.

"La petroli?" mzee akauliza. "Pole, binti yangu. Petroli ni moto wa mabua. Dizeli haina papara. Injini ya gari langu ina miaka ishirini na saba, na mlima inaupanda huku inapiga soga."

"Na moshi je, mzee wangu? Jirani akianika shuka nyeupe, anaanua kaniki."

"Moshi ni pumzi. Asiyepumua ni maiti."

Sijawahi kusikia bomba la moshi likitetewa kwa imani namna ile.

"Sasa leo hiyo dizeli iko wapi, mpaka tumepanda basi?"

Mzee akaligeuza dumu mapajani. "Nilikuwa kituo cha mafuta. Nikawa namweleza dada wa pampu ubora wa dizeli. Alinisikiliza vizuri kuliko hata wanangu. Akanijazia tangi petroli."

Muuguzi akameza kicheko kama kidonge. "Ukawasha?"

"Nikawasha. Lilikwenda mita mia mbili." Akamtazama bila kupepesa. "Sasa wewe lako litie dizeli, tuone kama litafika getini."

Muuguzi akafungua kinywa kujibu. Basi likasimama mbele ya gereji, na mzee akashuka na dumu lake la kutolea petroli, kama mtu aliyeshinda.