Mama Esta na Bunduki ya Mtu Mrefu

Tarehe 30 Juni 1987, Bi Limi Nkwabi, tuliyezoea kumwita Mama Esta, anastaafu baada ya kulitumikia Shamba la Mbegu la Ilambo, huku Ushetu, kwa miaka ishirini na minne. Aliingia akiwa mpalizi wa pamba; anatoka akiwa mkuu wa walinzi.

Bunduki alikabidhiwa mwaka 1972, baada ya mafunzo ya mgambo, mlinzi wa zamani alipokimbilia almasi za Maganzo na kutuachia nyani na nguruwe pori. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, iliyonunuliwa kwa ajili ya mtu mrefu. Mama Esta ni mfupi. Akiingia kwenye mahindi unaona kilemba tu, na hayo ni mahindi ya mwaka wa ukame.

Siku ya kwanza alifyatua, nyani wakakimbilia upande mmoja, yeye akaangukia upande wa pili. Kabla ya kumwinua tulicheka kwanza.

Kisha tukamsaidia kwa akili za watu wa pamba: tukamshonea mto mnene avae begani. Kumbe mto ule ulizidi kuirefusha bunduki. Ikabidi ajinyooshe, aegemee nyuma, na teke la bunduki likawa linamkuta kwenye msuli wa mkono badala ya begani. Alirudi mkono umevimba kama kiazi. Sisi tukasema pamba haijatosha, tukaongeza.

Mto aliutupa, akajitafutia njia. Kila mtu hapa amewahi kusukuma lori lililonasa kwenye tope la mbuga, basi naye akasimama hivyo hivyo: mguu wa kushoto mbele, goti limelegea kidogo, kifua kimeinamia mbele. Kitako cha bunduki alikigandamiza kwenye kishimo cha chini ya mtulinga, shavu akalilaza juu ya ubao, akaivuta bunduki kwake kwa mikono yote miwili. Risasi za nguvu aliwaachia wenye miili. Yeye alitia nyepesi, akawasubiri nyani wasogee.

"Ukiiogopa ukaiweka mbali, inakuja mbio," aliwaambia akina mama wa mgambo aliowafundisha. "Ukiikumbatia, inakusukuma tu, kama mume mlevi." Wanafunzi wake hawakuanguka.

Lakini mbinu hazifupishi mti wa bunduki. Kilichobaki ni kukata kitako kwa upana wa vidole viwili tu, naye akaomba. Meneja wa wakati ule, Bwana Gregory, alikuwa mtu wa kufuata kanuni hata akiwa anakula. Akamjibu, "Mali ya shamba haikatwi, Mama Esta. Labda urefuke wewe."

"Sawa, mzee. Nitajaribu msimu ujao."

Aliomba kila msimu, na kila msimu sisi tulilichekea jibu badala ya kumsemea. Nyani wakaliheshimu shamba, mbegu zikapatikana, Bwana Gregory akapandishwa cheo. Bega la Mama Esta likawa linasagika taratibu, na yeye si mtu wa kulia mbele ya watu wanaocheka.

Mwaka huu meneja mpya, Bi Scolastika, alimkuta akimfundisha Paskalina, mrithi wake, mwenye kimo kile kile. Akauliza kwa nini kitako hakijakatwa. Seremala Stanslaus akachukua msumeno, akakata, akarudisha bamba la nyuma na skrubu zake. Alipomaliza, chai yake ilikuwa bado ya moto. Paskalina akafyatua, akabaki amesimama, akageuka anacheka.

Tukamwomba Mama Esta naye ajaribu. Aliinua bunduki, ikakaa begani kana kwamba ilichongewa pale; shavu likapata mahali pake bila kuhangaika. Halafu bega likamshinda, mkono ukashuka wenyewe. Akamrudishia Paskalina.

"Hii ingenifaa, mayu," akamwambia, akimwita mama kwa lugha ya kwetu, akaenda kukaa. Safari hiyo hakucheka mtu.

Asante, Mama Esta, kwa kila debe la mbegu lililomfikia mkulima kwa sababu wewe ulikuwa macho. Tunajua siku hizi huwezi kulalia upande wa kulia, na tunajua kipande cha mti kilichotushinda kukata kina ukubwa gani. Tunakutakia uzee mtulivu, mbuzi wako wanenepe, na Mungu akujalie ulale ubavu wowote uupendao.