Sombe ya Maman Zaituni Ukutani

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Maman Zaituni Masudi anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kufundisha Kiswahili katika shule yetu ya jioni hapa Koekelberg, Ubelgiji. Mkurugenzi alitaka wasifu huu uandikwe na mwenye shahada. Bon, wenye shahada wote wakadai wana mitihani ya kusahihisha, kazi ikaniangukia mimi Sudi, fundi wa projekta, mtu aliyekunywa chai katika nchi kumi na moja. Shule niliiacha mapema, lakini dunia sikuiacha.

Maman Zaituni alitoka Bujumbura kama mkimbizi, akaanza kwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Humo akakuta mapadri wastaafu wanaomwamkia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko mashuka yao. Akaona hapa pana darasa. Tangu hapo amefundisha Wabelgiji waliowahi kuishi Kongo, na vijana wa mtaa wa Ixelles wanaotaka kujua bibi zao wanamsengenya nani kwenye simu.

Silaha yake ilikuwa chaki, mpaka binti yake Tasnim alipomwonyesha programu ya bure ya mtandaoni ya kutengeneza slaidi. Amani ikatutoka. Neno "karibu" liliingia likizunguka, "asante" likadondoka kutoka juu na mlio wa kengele. Padri Dirk, mwanafunzi wetu mkongwe, alishikwa na kizunguzungu akaomba kiti cha karibu na mlango.

Mwaka jana ikaja habari mbaya: wanafunzi wamepungua, darasa la Kiswahili lifungwe, labda mkaguzi aone sababu ya kulibakiza. Mkaguzi, Madame Inge, alikuja na uso wa stesheni ya Gare du Nord siku ya mgomo wa treni. Maman aliandaa slaidi za kupika sombe, yaani kisamvu, akawatumia wanafunzi na mkaguzi kiungo cha mtandaoni wafuate kwenye simu zao. Kosa moja tu: aliwapa kiungo cha kuandika, si cha kutazama. Donc kila mwenye simu aliweza kubadilisha kilichoko ukutani.

Alipofika kwenye mawese, mawese yakafutika mbele ya macho ya mkaguzi. Ikatokea siagi. Programu ile huwapa wasiojiandikisha majina ya wanyama, kwa hiyo tulichojua ni kwamba siagi imeletwa na Kiboko.

Jémima, mmoja wa wanafunzi, akaruka kitini. "Ni nani huyu Kiboko? Sombe na siagi, eh! Mungu anakuona!"

Mama mzee Fernande akajisaliti mwenyewe. "Kwetu Bukavu tulikuwa tunaweka siagi, na hakuna muntu alikufa!"

"Bon, maman," akasema Mukendi, "hawakukufa juu hawakukula."

Twiga akafuta siagi, Kiboko akairudisha, Mamba akaongeza viazi. Darasa zima likasimama, wanagombana kwa Kiswahili, hata wale ambao mwaka mzima hawakuwahi kuvuka "habari gani". Mimi nikakimbilia waya nizime aibu ile. Maman Zaituni akanishika mkono, akaketi zake, akasema taratibu, "Acha, Sudi. Wanaongea."

Kelele zilipopungua, mstari mpya ukajiandika ukutani, herufi moja moja, kwa woga: "Chumvi iko wapi?" Mwandishi: Bundi. Tukaulizana, kila mtu akakana. Ndipo tukamwona Madame Inge anasukuma simu yake chini ya karatasi za ukaguzi, masikio mekundu. Maneno yale aliyadaka humo humo, katikati ya ugomvi.

Darasa halikufungwa. Septemba atalishika Océane, aliyekuwa mwanafunzi wa Maman, na Madame Inge ameshajiandikisha, safu ya mbele.

Asante, Maman Zaituni. Walimu nimeona wengi, na najua dunia, lakini aliyethubutu kuketi chini siku ya ukaguzi ni wewe peke yako. Kapumzike, maman. Tunakutakia miaka mingi, afya, na nyumba yenye kelele.