Kituo cha Kiwandani

Treni ya asubuhi ilikuwa na nafasi, nami nilikaa mkabala na wanaume wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa fundi mitambo, grisi imemwingia hadi kwenye kucha. Mwingine alijitambulisha kuwa mwalimu wa uchumi, kisha akafungua gazeti. "Uchumi umekua tena mwaka huu," akasema.

"Hongera zake," fundi akajibu. "Kiwanda chetu cha nguo kimeuzwa. Mashine nilizozitunza miaka kumi na tisa, leo naenda kuzifungua ziwe chuma chakavu."

"Pole sana, kaka. Lakini mtaji hufuata faida. Kazi nyingine zitakuja."

"Zitamkuta nani? Mke wangu alikuwa mshonaji hapo hapo. Jana kaniuliza mkono wangu utanyanyuka vipi kuzifungua. Nikamwambia nisipozifungua mimi, atazifungua mwingine, na sisi tutalala njaa."

Mwalimu alikunja gazeti taratibu. Nadhani mke wa fundi hakuwemo kwenye somo lake.

"Na ukishazimaliza?"

"Nikishazimaliza, mwalimu, na mimi nimekwisha."

Treni ikasimama kwenye kituo cha kiwandani. "Zamani hapa behewa zima lilikuwa linashuka," fundi alisema, akashuka peke yake.