Uzi au Pini

Ndani ya basi, bibi mmoja alimsikia mjamzito wa kiti cha mbele akimwuliza jirani yake, fundi cherehani, kama baada ya upasuaji wake wa pili wa kujifungua ngozi ishonwe kwa uzi au ibanwe kwa pini.

"Uzi, mwanangu," fundi alijibu. "Pini zitakuachia zipu tumboni. Daktari stadi atalikata kovu la zamani, ashone upya, lisionekane."

"Kovu yangu sitaki ipotee."

"Langu, lipotee," bibi alisahihisha kimoyomoyo.

"Kovu nalo hulindwa?" fundi alitania.

"Wa kwanza alipitia hapo, mama. Hatukuwahi hata kumpiga picha. Nikimkumbuka, napapasa hapo."

Fundi akashusha sauti. "Basi mwambie daktari alibakize."

"Nilimwambia. Alicheka."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mjamzito akateremka, hajachagua bado.