Kanda Tisa za Mzee Sikio

Baada ya miaka thelathini na minne katika maktaba ya kanda za muziki ya redio yetu, mzee tunayemwita Sikio anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kwa haki. Aliweza kusikia mkwaruzo wa kanda akiwa koridoni, kikombe cha chai mkononi, huku sisi tumekaa mbele ya spika kama magogo.

Alichokipenda kuliko vyote ni kanda tisa za mtunzi wa kisasa wa Poland, zilizopigwa na okestra ya redio yetu kabla haijavunjwa. Siku alipozirusha hewani mara ya kwanza, fidla zote zikalia kwa pamoja, kila moja na sauti yake. Fundi wa zamu alitoka mbio akidhani mtambo umeharibika, akakata matangazo na kuwaomba wasikilizaji radhi. Sikio alicheka wiki nzima, kisha akazirusha tena. Mimi alinikalisha chini nikasikiliza, na mpaka leo sijui nimshukuru vipi.

Tulipoanza kuhamishia kanda kwenye kompyuta, hizo tisa alijiwekea za mwisho. Mashine haiwezi kutofautisha muziki ule na kanda mbovu. Ilibidi mtu azisikilize mwanzo hadi mwisho. Alizisikiliza kiganja kikiwa juu ya spika, akitabasamu. Akaandika “safi” mara tisa, na kanda zenyewe zikateketezwa, kama utaratibu unavyotaka.

Mwezi uliopita nilizifungua kwenye kompyuta. Zote tisa ni mvumo mtupu. Waya wa kupeleka sauti kwenye kompyuta ulikuwa umelegea, naye hakujua. Alikuwa kiziwi tangu mwaka juzi na alituficha. Muziki alioufurahia siku zile ulikuwa kichwani mwake tu.

Ameniagiza mwenyewe niliandike hili. Nilikataa mara mbili. Alisema nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akalia, nami nikalia naye. Tumeuliza kila mahali; hakuna nakala nyingine. Inauma, na sioni dawa yake.

Mzee wetu, asante kwa yote uliyotusikilizia. Nenda salama, upumzike vyema na mama na wajukuu.

Atakayesoma wasifu huu ukumbini anaombwa asimame mbele yake, asome polepole, na asifunike mdomo.