Ragnvi Tjäder Aaga Meza ya Mashine za Kupasua Mbao

Tarehe 30 Mei mwaka huu, Ragnvi Tjäder anatimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika duka la mashine la Ushirika wa Wenye Misitu hapa Ekhult, na siku hiyohiyo anastaafu. Sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake cha dirishani, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuikalia kazi yake.

Wengi hamjui kwamba aliajiriwa kama dereva wa lori. Alikuwa akipeleka minyororo ya misumeno mashambani na kurudi jioni, siku nzima imekwisha. Sixten Floderus, meneja wetu wa wakati huo, alimwita ofisini.

“Nimekutuma upeleke minyororo, Ragnvi, si kuhamia huko.”

“Mzee wa watu alikuwa anapasua mbao kwa mashine isiyomfaa. Ningemwachaje?”

“Basi kaa humu ndani uuze. Lori nitampa mtu asiyependa maongezi.”

Ndivyo alivyopata meza ya ushauri. Wateja wake ni watu walioangusha miti yao, au walioangushiwa na upepo, wakaona uchungu kuuza magogo na kisha kununua mbao za wengine. Karibu wote huingia wakiielekea moja kwa moja mashine kubwa kuliko zote. Ragnvi huwaacha waizunguke, waipapase, kisha anaanza maswali. Magogo yana unene gani? Yamelala wapi? Trekta linafika? Unajenga nini? Na la mwisho: upande wa pili wa gogo atashika nani? Mwanamume mmoja kutoka ng’ambo ya ziwa aliposikia swali hilo aliondoka, akarudi Jumamosi na mkewe. Mkewe ndiye aliyechagua.

Lakini nikitakiwa kusimulia jambo moja tu la Ragnvi, nitasimulia la akina Brask.

Ilikuwa baada ya dhoruba ile iliyolaza nusu ya misitu yetu. Alvar Brask alikuja Jumatatu akitaka msumeno mkubwa wa mkanda, ule wenye utepe wa chuma unaozunguka na kupasua gogo zima kwa ulaini. Jumatano akaja dada yake, Hillevi, akitaka fremu ndogo inayofungwa kwenye msumeno wa mnyororo, ambayo mtu huibeba begani mpaka gogo lilipo. Ragnvi aliwasikiliza wote wawili, kisha akagundua kwamba wanazungumzia miti ileile. Ulikuwa msitu mmoja wa urithi, na ndugu hao hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya baba yao. Magogo yalikuwa chini, joto la kiangazi lilikuwa linakuja na wadudu wake, na kama wasingeelewana upesi, mbao zingeoza na msitu ungeuzwa.

Ragnvi akakataa kumuuzia yeyote.

“Umekataa kuuza mashine mbili?” Sixten alifoka hadi sisi wa vipuri tukasikia.

“Nimekataa kuuza ugomvi. Waje pamoja, nitawauzia.”

Walikuja kila mmoja na gari lake. Ragnvi akafunga mashine ya majaribio nyuma ya lori, akanichukua mimi nimsaidie, tukaenda nao shambani. Alvar alisimama upande huu wa uwanja, Hillevi upande ule, nasi katikati kama waamuzi wa mpira.

“Mwambie dada yangu kwamba kwa kidude chake kile atapasua mpaka azeeke,” Alvar alisema.

“Mwambie kaka yangu,” Hillevi akajibu, “kwamba mialoni imelala kwenye tope la kijito. Akipeleka trekta lake kule, tutamtoa kwa winchi, yeye na kiburi chake.”

Ragnvi hakumwambia mtu kitu. Alichagua mwaloni ulioangukia karibu na nyumba, akaukagua, akausugua magome, akatangaza kwamba gogo ni safi. Tukalipandisha, akawasha. Ubao wa kwanza ulitoka mzuri ajabu. Katikati ya ubao wa pili ukasikika mlio kama wa bunduki, mkanda ukakatika. Ndani kabisa ya mti mlikuwa na pete ya chuma, imemezwa na mbao zamani.

Ragnvi aliiva mashavu. “Nimesema ni safi, na si safi,” alisema. “Kosa langu.”

Hillevi alikuwa ameinama, ameitazama ile pete. Kisha akaanza kucheka.

“Alvar, njoo uone. Hii ni pete ya Blenda!”

Alvar akasogea. “Farasi wa babu?”

“Tulimfunga hapa.”

“Wewe ulimfunga hapa, tena ovyo! Akakimbilia kwenye kabichi za mchungaji, nikachapwa mimi.”

“Si ulikuwa mkubwa? Mkubwa ndiye huchapwa.”

Walicheka mpaka Alvar akakaa kwenye gogo akifuta macho, na dada yake akakaa pembeni yake. Ragnvi alinivuta mkono, tukaenda kunywa kahawa ndani ya lori. Tuliporudi walikuwa wanapanga kazi wenyewe. Misonobari iliyo kando ya barabara itapasuliwa kwa msumeno wa mkanda, wa kukodi, maana baada ya msimu huo hawatauhitaji tena. Mialoni ya kijitoni itapasuliwa palepale ilipolala, kwa fremu ya Hillevi, na mbao zitolewe moja moja. Na miti ya uwanjani ipimwe chuma kwanza.

Kwa hiyo Sixten aliuza mashine moja na kukodisha nyingine, akaacha kununa. Kutokana na mkanda ule uliokatika, Ragnvi alidai tununue kifaa cha kutambua chuma, ambacho wanachama hukiazima bure hadi leo. Pia alianzisha siku ya majaribio ya Aprili, ambapo kila mtu hupasua gogo lake kabla hajatoa pesa.

Mbao za kwanza za akina Brask zilikuwa sakafu ya kuchezea dansi ya kijiji, sikukuu ya katikati ya kiangazi iliyofuata. Ragnvi alialikwa kuikagua. Alvar alimwomba wacheze dansi moja, wakacheza nyingi. Kwenye harusi yao Hillevi alisimama na glasi, akasema: “Tulikwenda dukani kutafuta msumeno, kaka yangu akarudi na muuzaji.”

Tusimfanye malaika. Kahawa yake haifai hata kuoshea vyombo. Kompyuta ameichukia mpaka wiki hii. Na mkutano wowote unaoanza saa tatu, yeye huufikia mikate ya mdalasini ikiwa imebaki makombo, kisha hulalamika.

Ijumaa iliyopita tulimkuta uani, nyuma ya duka, anapasua mti wa cheri ulioangushwa na theluji. Ubao wa kwanza ulipofunguka, mwekundu kama jua linalozama, wahasibu walishuka ghorofani bila kuitwa. Akatugawia sote, kila mtu ubao wake. Wangu nimeulaza nyumbani juu ya vijiti, upate hewa, kama alivyonionyesha.

“Miaka miwili, Bodil,” aliniambia. “Usiuguse kabla haujakauka.”

“Na ukikauka nifanye nini?”

“Niite.”

Ragnvi, asante kwa kila mteja uliyemzuia asinunue kitu asichokihitaji. Kastarehe na Alvar, lala mpaka jua likuchome, uwe na afya na furaha tele. Ila jihesabu mwenye deni la safari moja: mbao zetu zote ni mbichi bado, na tunakusubiri.

Bodil Wrang
Idara ya Vipuri