Kopo la Kilima cha Tatu

Fundi viatu alikuwa amepanga kusinzia ndani ya basi, ila maneno ya siti ya mbele yakamkatiza usingizi. "Yaani unaficha kopo mlimani, halafu unawatangazia watu kwenye simu lilipo?" mama mmoja alimuuliza mzee aliyepakata mkoba. "Ndiyo mchezo wenyewe, mama. Ukilipata unaandika jina kwenye daftari lililomo, unalirudisha pale pale." "Huchukui kitu?" "Huchukui." Mama akaguna. Fundi naye akaguna kimoyomoyo. Ameshona viatu vingi vilivyochanika kwa sababu za maana zaidi.

Mzee akashusha sauti. Kituo cha fundi kikafika, akakiacha kipite. "Lile kopo langu la kilima cha tatu, kila mwezi nakuta jina la mdogo wangu daftarini. Mwaka wa nne huu hatusemezani." "Anajua ni lako?" "Hajui. Kwenye mchezo natumia jina la utani." "Basi mwandikie." "Mwandiko wangu anaujua. Na akiacha kuja?"

Basi likasimama chini ya vilima, mzee akateremka. Mama akachungulia dirishani: "Kalamu lakini unayo?"

"Iko kule kule kwenye kopo," alisema mzee, bila kusema kama ataigusa.